MTOTO WA JICHO HANGOJEWI AIVE



Katika nyumba zetu hapa Muscat, kuanzia Ruwi hadi Al Khoud na Seeb, ni nadra kukosa mzee aliyeanza kulalamika kwamba taa zimepungua nguvu, kwamba herufi za msahafu zimekuwa kama zimemwagiwa maziwa, au kwamba hawatambui wajukuu zake mpaka wamsemeshe. Akipelekwa kupimwa, hurudi na jibu kwamba ana mtoto wa jicho. Na hapo, kabla jamaa hawajakaa kulizungumza, hutokea mmoja akatamka maneno tuliyoyarithi kutoka kwa waliotutangulia: "Mwacheni kwanza, bado hajaiva."

Maneno hayo yalikuwa na hekima kubwa katika zama zake. Waliyoyasema walikuwa madaktari wenyewe, na walikuwa na sababu. Lakini upasuaji uliokuwa na sababu hizo umekwisha kuondoka, na maneno yake yamebaki. Matokeo yake ni kwamba wazee wetu wengi wanakaa gizani miaka miwili, mitatu, hata mitano, wakisubiri kitu ambacho hakuna tena anayehitaji kukisubiri. Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo "kuiva" lilitoka wapi, ni kitu gani kilichobadilika, na kwa nini kungoja siku hizi kuna madhara kuliko faida.

Ni kitu gani hasa?

Nyuma ya mboni, yaani kile kitundu cheusi kilichoko katikati ya jicho, kuna lenzi ya maumbile, angavu kama tone la maji, yenye upana wa milimita 9 hadi 10. Imefunikwa na kifuko chembamba mno, na imetundikwa kwa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo.

Lenzi hiyo imejengwa kwa maji na protini. Kadiri miaka inavyopita, protini hizo hushikamana na kupoteza uangavu wake, mfano wa ute wa yai unavyogeuka mweupe unapopata moto. Na kama vile yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi, hakuna dawa ya matone, ya kunywa wala ya mitishamba iliyothibitishwa kuirejesha lenzi katika hali yake ya awali. Dawa yake ni kuitoa na kuweka nyingine.

Sababu kubwa ni umri. Lakini wapo mambo yanayouharakisha ugonjwa huu: kisukari, ambacho hapa kwetu kimeenea sana, tumbaku, jua kali la miaka mingi, kuumia jicho, na dawa za jamii ya kotisoni zinapotumiwa muda mrefu, iwe kwa pumu, kwa ngozi au kwa maungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 94 ulimwenguni wana upungufu wa kuona kwa sababu ya mtoto wa jicho, na ndiye anayeongoza katika kuwapofusha wanadamu. Oman ilithibitishwa na shirika hilo mwaka 2012 kuwa nchi ya kwanza duniani kuutokomeza ugonjwa wa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Trakoma huzuilika kwa usafi na dawa. Mtoto wa jicho yeye hazuiliki kwa sabuni, kwani watu wakijaaliwa umri mrefu ndipo naye anapozidi kuonekana.

Maji meupe na maji ya buluu

Hapa pana jambo linalowakanganya wengi katika sisi tuliokulia Uswahilini tukaja kutibiwa kwa Kiarabu. Daktari wa hapa husema "al-maa al-abyadh", yaani maji meupe, akimaanisha mtoto wa jicho. Na husema "al-maa al-azraq", maji ya buluu, akimaanisha glakoma, ambayo kwa Kiswahili huitwa presha ya macho. Bibi asiyejua Kiarabu husikia "maa" na "maa", akadhani ni ugonjwa mmoja wenye rangi mbili.

Hayo ni maradhi mawili mbalimbali. Mtoto wa jicho huziba mwanga usipite. Akiondolewa, mwanga hupita tena. Presha ya macho huua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokufa hapo hakirudi kwa upasuaji wowote; kinachowezekana ni kuzuia kisizidi. Mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayekaa nyumbani akisema "ni mtoto wa jicho tu, namngojea aive" bila ya kupimwa, huenda kumbe anapoteza kwa presha kile ambacho hatakipata tena. Kila anayempeleka mzee wake na aulize kwa neno lililo wazi: ni maji meupe, ni ya buluu, au ni yote mawili?

Neno hilo "maji" lina historia yake. Matabibu wa kale waliamini kwamba kuna maji yanayoshuka kutoka kichwani na kuganda mbele ya mboni, na Waarabu wakayaita maji yashukayo. Vitabu vyao vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 11, neno hilo likageuzwa kuwa "cataracta", maana yake maporomoko ya maji, na mpaka leo Wazungu wanaliita hivyo.

Kuiva kulitoka wapi

Upasuaji wa kale kabisa haukuitoa lenzi. Tabibu aliingiza sindano jichoni akaisukuma lenzi iliyochafuka ikaangukia chini, mwanga ukapata njia. Wahindi waliufanya zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na katika baadhi ya vijiji vya Afrika ungali ukifanywa na waganga wa kutembea, ukiwaacha wengi na upofu mbaya zaidi. Mnamo mwaka 1000 hivi, Ammar bin Ali wa Mosul, aliyekuwa akitibu Misri katika zama za Khalifa al-Hakim, alieleza sindano yenye tundu ya kumnyonya mtoto wa jicho aliye laini. Hilo lilikuwa wazo lililotangulia wakati wake kwa karne nyingi, kama tutakavyoona. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel akaikata konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kuitoa lenzi nje.

Njia iliyoenea katika karne ya 20, na ambayo wazee wetu waliijua Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, ilikuwa ni kukata karibu nusu ya mzunguko wa konea na kuitoa lenzi nzima pamoja na kifuko chake. Tangu 1961, Tadeusz Krwawicz wa Poland alipobuni chombo cha baridi kali, daktari aliweza kuigandisha lenzi kwenye ncha ya chombo hicho na kuivuta. Jeraha lilishonwa, na mgonjwa akalazwa siku kadhaa bila ya kutikisika.

Hapa Oman nako, kabla ya 1970 hospitali zilikuwa chache mno. Wengi walifuata matibabu katika hospitali ya wamishenari wa Kimarekani iliyoko Mutrah, ambako Dk. Wells Thoms alifanya kazi kwa miaka mingi. Safari yenyewe ya kutoka bara mpaka Mutrah ilikuwa sababu tosha ya mtu kusubiri.

Lakini sababu kubwa ya kungoja ilikuwa nyingine. Jicho lililotolewa lenzi na lisipewe mbadala haliwezi kuukusanya mwanga. Ndiyo maana wazee wale walivaa ile miwani minene kama kitako cha chupa, ambayo wengi wetu tunaikumbuka. Miwani hiyo ilikuza vitu kwa karibu robo zaidi ya ukubwa wake, ikapinda kingo za milango, na ikaacha pembeni mviringo wa giza ambamo mtu hujitokeza ghafla. Zaidi ya hayo, kama jicho la pili lilikuwa bado linaona, picha mbili zilitofautiana kwa ukubwa na ubongo haukuweza kuziunganisha. Mgonjwa aliyepasuliwa mapema aliweza kujikuta katika hali mbaya kuliko alivyokuwa.

Basi daktari mwenye busara alimwambia mgonjwa angoje mpaka lenzi ichafuke yote na kuona kuishe, ili asiwe na cha kupoteza. Hali hiyo ndiyo iliyoitwa kuiva. Ilikuwa nasaha sahihi kwa upasuaji usio na lenzi ya kupandikiza.

Kioo cha ndege ya vita

Kilichobadilisha mambo kilianzia mahali pasipotarajiwa. Mwezi wa Agosti 1940, katika vita vya angani juu ya Uingereza, ndege ya rubani Gordon Cleaver ilipigwa risasi, na paa lake la plastiki liitwalo Perspex likavunjika na vipande vyake vikamwingia machoni. Jicho moja lilipotea. Daktari Harold Ridley, aliyemtibu, aliona kwamba vipande vilivyobaki katika jicho la pili vilikaa pale kimya, bila ya kuvimbisha wala kuoza. Ridley huyu alipata pia kufanya kazi Afrika katika miaka hiyo ya vita, akiuchunguza upofu wa mtoni huko Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana.

Vita vilipokwisha, akaunganisha mambo mawili: kama plastiki hii haichukiwi na jicho, kwa nini isichongwe lenzi na kuwekwa mahali pa ile iliyotolewa? Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alianza kumpasua mwanamke wa miaka 45, na mwezi wa Februari 1950 lenzi hiyo ikabaki jichoni mwake moja kwa moja. Nguvu yake haikuwa imekadiriwa vizuri, na mgonjwa alibaki na tatizo kubwa la kutoona mbali. Lakini ilikaa.

Wakubwa wa fani yake hawakumpongeza. Madaktari walikuwa wamefunzwa kutoa vitu vya kigeni machoni, naye anaviingiza. Alipingwa kwa miaka mingi, na baadhi ya lenzi za awali zilileta madhara kweli, zikateguka au kuvimbisha jicho. Ilichukua takriban miaka thelathini kabla ya lenzi za kupandikizwa kuwa jambo la kawaida. Katika miaka ya 1980 rubani Cleaver mwenyewe, jicho lake lililosalia lilipopata mtoto wa jicho, alipandikizwa lenzi iliyotokana na vile vipande vyake. Ridley naye katika uzee wake aliwekewa lenzi hizo, akatunukiwa cheo cha Sir mwaka 2000, na akafariki mwaka uliofuata.

Namna lenzi inavyopandikizwa leo

Kazi huanza kabla ya chumba cha upasuaji. Urefu wa jicho na mzingo wa konea hupimwa, kisha hesabu hufanywa ya kujua lenzi ya nguvu gani itamfaa mtu huyu. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 23 au 24, na kosa la milimita moja tu katika kipimo linaweza kumwacha mgonjwa akihitaji miwani yenye nguvu. Kwa hiyo mzee asione ni usumbufu anapoambiwa akae kimya mbele ya mashine, na jamaa wasilichukue kama jambo dogo.

Siku ya kazi, mboni hupanuliwa kwa matone. Ganzi hutiwa kwa matone au kwa sindano pembeni ya jicho. Mgonjwa huwa macho, husikia anayozungumzwa, na haoni kisu chochote bali taa kali na rangi zinazosogea. Hili lielezwe kwa wazee mapema, maana hofu yao kubwa ni kwamba watalishuhudia jicho lao likikatwa.

Daktari, akitazama kwa hadubini, hupasua pembeni mwa konea tundu la milimita 2 hadi 3. Hutia ndani jeli ya kulinda jicho. Kisha huchana mduara wa takriban milimita 5 katika ukuta wa mbele wa kile kifuko, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kifuko hicho ndicho kitakachokuwa nyumba ya lenzi mpya. Ukuta wake wa nyuma una unene wa elfu chache tu za milimita moja. Hapo ndipo ufundi ulipo: kutoa kilichoharibika bila ya kuitoboa nyumba.

Lenzi iliyochafuka haivutwi nzima. Hupondwa humo humo ndani kwa ncha inayotetemeka takriban mara 40,000 kwa sekunde, na vipande vyake hunyonywa papo hapo. Njia hii ilibuniwa na Mmarekani Charles Kelman mwaka 1967. Inasemwa kwamba wazo lilimjia alipokuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, akisafishwa kwa chombo cha mtetemo. Msomaji atakumbuka sindano ya kunyonyea ya Ammar wa Mosul.

Linabaki swali: lenzi mpya yenye upana wa milimita 6 itapitaje katika tundu la milimita 3? Jibu ni kwamba lenzi za siku hizi ni laini na hukunjika. Mnamo 1984 ndipo lenzi za kukunjwa zilipoanza kutiwa, kwanza za silikoni, na baadaye za akriliki. Hukunjwa kama jamvi ndani ya bomba mfano wa sindano, husukumwa kupitia kile kitundu, na zikifika ndani ya kifuko hujikunjua zenyewe. Mikono miwili myembamba hutanuka kila upande kuishikilia isitembee. Tundu hujifunga bila ya kushonwa. Dawa ya kuzuia vidudu hutiwa ndani ya jicho. Uchunguzi mkubwa wa madaktari wa Ulaya, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maambukizo ya ndani mara tano hivi. Kazi yote aghalabu haizidi nusu saa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa walioko nyumbani Afrika

Jamaa wengi wana wazee Unguja, Pemba, Tanga au Lamu, na huuliza kama upasuaji wa huko ni duni. Huko hutumika zaidi njia ya pili. Daktari hupasua njia ndogo kama handaki katika weupe wa jicho, yenye milimita 6 au 7, na kuitoa ile lenzi ngumu kwa mkono bila ya mashine ya mtetemo, kisha akaingiza lenzi mpya. Handaki hilo nalo hujifunga lenyewe. Kwa wale ambao mtoto wa jicho wao amekwisha kuwa mgumu na mweusi, njia hii wakati mwingine ni salama kuliko mashine.

Lililofungua mlango huo ni bei. Mwaka 1992, katika mji wa Madurai kusini ya India, ambako Dk. Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya macho ya Aravind mwaka 1976, kilifunguliwa kiwanda cha Aurolab kikatengeneza lenzi kwa takriban dola 10, na baadaye chini ya hapo, wakati zile za kuagizwa ng'ambo zilikuwa ghali mara nyingi zaidi. Tangu hapo, lenzi ikaacha kuwa anasa ya matajiri. Leo lenzi hupandikizwa Mnazi Mmoja mjini Unguja, CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, na katika kituo cha macho cha Kwale kilichoanzishwa 1993, pamoja na hospitali nyinginezo. Kwa hiyo mzee asiyependa kupanda ndege asinyimwe macho kwa kungojea viza.

Kwa nini kungoja kunaumiza

Sasa tunaweza kuupima ule usemi wa "hajaiva". Kila sababu iliyousimamisha imeondoka: miwani minene haipo, tofauti ya ukubwa wa picha haipo, na kulazwa siku nyingi hakupo. Yaliyobaki ni madhara.

Kwanza, lenzi inayoachwa huzidi kuwa ngumu. Lenzi ngumu huhitaji mtetemo mwingi zaidi kuipondaponda, na mtetemo huo huchosha seli za ndani ya konea ambazo mwanadamu hazioti tena. Pili, lenzi iliyoiva kupita kiasi inaweza kuvimba au kuvuja na kuleta presha ya ghafla yenye maumivu makali. Hapo tumejitengenezea maji ya buluu kwa kuyangoja meupe. Tatu, mtoto wa jicho mzito humzuia daktari asiione retina, na mwenye kisukari ambaye retina yake haionekani huharibikiwa kimya kimya. Nne, mzee asiyeona huanguka. Nyonga iliyovunjika katika umri wa miaka 75 ni jambo ambalo kila jamaa analielewa.

Wakati muafaka, basi, si rangi ya jicho inayouamua. Unaamuliwa na maisha ya mtu: je, upungufu wa kuona unamzuia kufanya analolihitaji, kusoma, kushona, kupika, kuendesha gari, kwenda msikitini alfajiri bila ya kushikwa mkono? Kama ndiyo, na daktari ameona kwamba sababu ni lenzi, wakati umefika. Na kama bado anaona vizuri, hakuna haja ya kukimbilia kisu. Apimwe kila mwaka.

Kuna wa kuharakiwa zaidi ya wote. Ingawa tumezoea kumhusisha na uzee, wapo watoto wachanga wanaozaliwa na mtoto wa jicho. Mama akiona weupe ndani ya mboni ya mwanawe, ampeleke wiki hiyo hiyo. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na usipopata picha wakati huo haujifunzi tena sawasawa. Kwa kichanga, upasuaji hutakiwa ndani ya wiki chache za mwanzo, ingawa lenzi yenyewe aghalabu hucheleweshwa mpaka jicho likue, naye akatumia miwani kwa muda.

Mambo ya kutayarisha

Hapa Muscat, hospitali ya Al Nahdha imekuwa kwa miaka mingi ndiyo kimbilio kuu la macho katika hospitali za serikali, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, iliyofunguliwa 1990 huko Al Khoud, nayo ina madaktari wa macho. Njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya cha mtaani na kupata barua ya rufaa. Wageni wenye viza ya matembezi waulize gharama mapema, katika hospitali zaidi ya moja.

Mwambieni daktari dawa zote anazotumia mzee. Hasa wanaume wanaotumia tamsulosin kwa ajili ya tezi ya kibofu wasiifiche, hata kama wameiacha; tangu 2005 imejulikana kwamba dawa hiyo hulegeza misuli ya mboni na kuutatiza upasuaji. Daktari akijua, hujitayarisha. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi zitajwe pia, na asiziache mtu kwa hiari yake.

Aina ya lenzi nayo ina maswali. Ya kawaida humpa mtu kuona vizuri kwa umbali mmoja, aghalabu wa mbali, naye akahitaji miwani ya kusomea. Ziko za kurekebisha mzingo wa konea, na ziko za umbali mbalimbali, ghali zaidi, ambazo huweza kuleta miduara ya mwanga usiku. Isidhaniwe kwamba iliyo ghali ndiyo bora kwa kila mtu. Asiyependa kuona miduara kwenye taa za barabarani huenda akajuta.

Na awepo mkalimani wa jamaa anayezungumza Kiswahili cha mzee huyo. Mzee aombwe ridhaa yake mwenyewe kwa lugha yake, wala asiamuliwe na wanawe huku yeye akiwa amekaa pembeni.

Baada ya upasuaji

Matone hutiwa kwa takriban mwezi mmoja, na mikono ioshwe kabla. Jicho lisisuguliwe, wala maji yasiingie kwa siku za mwanzo. Kuhusu udhu na kusujudu, muulizeni daktari ni siku ngapi, na mwenye elimu ya dini namna ya kufanya. Kuswali kwa ishara ni ruhusa inayojulikana kwa mgonjwa. Aliyekuja kutoka Afrika asikate tiketi ya kurudi haraka. Kwa kawaida ndege yenyewe haidhuru, lakini jicho litatakiwa kutazamwa siku ya pili, baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, usaha, au kuona kunakopungua baada ya kuwa kumeimarika: yoyote katika haya ni jambo la kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Maambukizo ya ndani ni nadra, lakini yanapotokea kila saa ina thamani.

Wengine, baada ya miezi au miaka, huona ukungu tena na kusema mtoto wa jicho amerudi. Hakurudi. Ni ukuta wa nyuma wa kile kifuko uliopata utando. Hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache, bila ya kisu. Lenzi yenyewe haichakai. Hudumu maisha yote ya mtu.

Wazee wetu walituachia mithali mbili. Moja yasema subira huvuta heri, nayo ni kweli kwa mambo ambayo kheri yake iko mbele. Ya pili yasema ngojangoja huumiza matumbo. Kwa mtoto wa jicho wa siku hizi, ya pili ndiyo yenye haki. Mwezi huu, kila mwenye mzee nyumbani na amwoneshe kalenda iliyoko ukutani, amfunike jicho moja kisha la pili, na amuulize anasoma nini. Akisita, mpelekeni akapimwe.